Gia Boksi ya Mama Mkwe

Fundi Fabiani wa Chanji hashiki spana kabla hajauliza. Gereji yake iko nyuma ya mashine ya kusaga, ina benchi moja la mbao, na mwenye gari hukalishwa hapo kwanza. Ulikwenda wapi? Nani aliendesha? Uliongeza mafuta gani? Ukimjibu nusunusu anafuta mikono, anakutazama, anasema, "Mficha uchi hazai," kisha anarudia swali lilelile. Watu wazima na vyeo vyao wamekiri mambo pale. Mnunuzi mmoja wa mahindi alikiri kwamba hushuka milima akiwa ameweka nyutro ili abane petroli, na kwamba mkewe alishamkataza. Watu humvumilia Fabiani kwa sababu moja tu: gari za otomatiki zilizoshindikana kwingine, kwake hupona.

Jumatatu moja aliyeingia getini alikuwa Mama Bertilla, mkwewe.

Bertilla ni mwalimu mstaafu wa Laela. Mumewe, mzee Christopha, alifariki miaka miwili iliyopita akamwachia kigari cheupe cha otomatiki, na yeye akajifunza kukiendesha akiwa na miaka sitini na mbili. Kwa wiki tatu watu wa Laela walitembea mbali na barabara. Shemeji zake wanataka kiuzwe. Amekataa katakata. Anasema ndani ya kile kigari bado anamsikia mumewe akikohoa, na asiyeamini asiamini.

Sasa kigari kilikuwa kinamfia. Taa ya gia ilikuwa inawakawaka, na kutoka Laela alikuja na gia moja mwendo wote, injini ikilalamika, malori yakimpita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Sharon. Kimegoma kubadili gia. Kitapona?"

"Tutaangalia, mama."

Fabiani hakumkalisha kwenye benchi. Alitoa kiti ndani, akamwita mkewe Monika alete chai, na hakuuliza lolote. Mkwe hahojiwi. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kumuuliza mama huyu swali zito kuliko hali ya mvua huko Laela, na hata majibu ya mvua aliyasikiliza akitazama chini.

Mama alipokwisha kwenda stendi, fundi alichomeka mashine ya kupimia. Ikatoa kodi, yaani namba ya kosa: P0756. Maana yake solenoidi ya pili, ile vali ndogo ya umeme inayoruhusu mafuta yapite ili gia ibadilike, haifanyi kazi yake. Mashine husema panapouma. Kwa nini panauma, haisemi. Hiyo ni kazi ya benchi, na benchi safari hii lilikuwa tupu.

Alichomoa dipstiki, kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta ya gia boksi huwa mekundu. Haya yalikuwa na rangi ya chai na mapovu juu. Akanusa. Akanusa tena, akamwita Monika.

"Maandazi," alisema Monika.

"Nusa vizuri."

"Alizeti. Tena ya kukamua nyumbani." Monika akamtazama mumewe, akafunika mdomo kwa kanga.

Jumanne Fabiani alifungua sampo, bakuli la mafuta chini ya gia boksi. Solenoidi aliipima kwa mita, umeme wake mzima. Akaipa moto wa betri: kimya. Haikugonga. Ilikuwa imegandwa na utandu wa njano, ule unaobaki kwenye karai lililokaangiwa wiki nzima. Akaiosha mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu ikagonga tik, na fundi akacheka peke yake. Siku ya pili yake alibadili chujio, akajaza mafuta mapya, akayamwaga, akajaza tena, akafuta kodi. Taa ikazimika. Gia zikapanda na kushuka bila mshtuko.

Kazi ilikuwa imekwisha, na shida ndiyo kwanza inaanza. Angeweza kusema, "Ulikuwa uchafu tu, mama," akamkabidhi ufunguo. Lakini huko Laela kulikuwa na chombo chenye alizeti, na mkono uliokwisha miminia utamiminia tena. Safari ijayo zitaungua klachi za ndani, na hapo hakuna kuosha. Mwalimu aliyefundisha nusu ya Laela kusoma ataambiwaje kwamba amelisha gia boksi mafuta ya kukaangia? Fabiani aliogopa. Hapana neno zuri zaidi la kuweka hapo.

"Muulize wewe," alimwambia Monika. "Ni mama yako."

"Nikimuuliza mimi atasema umenituma. Mji mzima unauhoji kama polisi, leo mdomo umeingia ganzi?"

Alhamisi asubuhi Bertilla alikuja, akaona taa imezimika, akapiga makofi. Fabiani alishika ufunguo mkononi, hakuutoa.

"Mama, naomba ukae kidogo." Akamwonyesha benchi.

Monika aliacha ndoo palepale akaingia ndani.

"Unisamehe kabla sijauliza. Uliongeza mafuta kwenye gia boksi?"

"Niliongeza."

"Yapi, mama?"

"Ya Christopha. Aliacha galoni stoo, imeandikwa kabisa ya gia boksi. Yeye kila mwezi alikuwa anapima. Na mimi napima, nikiona yamepungua naongeza kidogo. Hata tone sijamwaga."

Fabiani alitazama ardhi. "Ile galoni ina alizeti, mama."

Bertilla hakukasirika. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu.

"Mwaka ule aliofariki, alizeti aliikamua yeye," alisema mwishowe. "Vyombo vilikuwa haba. Alizeti ilikuwa galoni nne. Baada ya mazishi nikahesabu tatu."

Galoni ya nne, basi, ndiyo iliyokuwa stoo siku zote.

"Aliyelala stoo na mizigo yake siku za msiba ni wifi yangu, Coleta. Siku ya kuondoa tanga nikamwambia mbele ya watu arudishe mafuta ya marehemu. Akaapa. Nikamwambia asiape uongo. Akafunga mizigo akarudi kwake Muze, kule bondeni. Ametuma watu mara mbili, sikuwajibu." Alinyanyuka, akakung'uta sketi. "Gari inaweza kushuka Muze?"

"Inaweza. Na mimi lazima niijaribu mlimani." Hilo lilikuwa kweli pia.

Walishuka bondeni Fabiani akiendesha, gia ya chini, polepole kwenye kona. Taa haikuwaka. Bertilla alishika mkoba magotini mpaka joto la bonde likawaingia dirishani.

Uani kwa Coleta palikuwa na mpunga umeanikwa mkekani. Mwenyewe, mwanamke mrefu mwembamba, alikuwa ameinama akiugeuza. Alipoiona gari ya kaka yake alisimama wima. Alipomwona aliyekaa ndani, aliinama akaendelea na mpunga wake.

"Baba Sharon, nitaanzaje?"

"Anza na mafuta, mama. Salamu zitafuata."

Bertilla alishuka. Akaenda hadi ukingoni mwa mkeka, akapiga magoti na viatu vyake vya kanisani. "Coleta, mafuta yalikuwa kwangu. Christopha aliyaweka kwenye galoni ya gari. Nilikusingizia."

Coleta aligeuza mpunga mara moja, mara mbili. Mkono ukasimama.

"Miaka miwili, Bertilla," alisema. "Miaka miwili sijafyeka kaburi la kaka yangu. Nilisema nikikanyaga pale, utasema nimekuja kuiba na udongo."

Bertilla aliinua mkono akaonyesha kigari. "Gari hii hapa. Panda, twende."

Coleta aliingia ndani. Fabiani alifungua boneti akapima mafuta, ingawa alikuwa ameyapima asubuhi. Alipoifunga, Coleta alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu, na mkononi ana fyekeo.