Udhaifu wa Bombom

Binti yangu alipewa kazi na mwalimu wake wa historia: silaha za vita vya mahandaki, vile vya kwanza vya dunia, na ufanisi wake. Akatandaza manila kwenye meza ya chakula, hapa kwetu Rexdale, ughaibuni, akachora bunduki, gesi ya sumu, bomu la mkono na bombom, ile bunduki kubwa ya kumimina risasi. Chini ya kila silaha akaacha nafasi mbili, nguvu na udhaifu. Nilikuwa nimetoka zamu ya ghalani, miguu inawaka moto, lakini ile bombom ilinifanya nivute kiti.

"Baba wa babu yangu aliibeba hii," nikamwambia. "Waingereza walimkamata, wakamtwisha."

"Alikuwa askari?" Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Mpagazi. Kariakoo."

"Kariakoo ni soko, Mama. Bibi ananunua khanga pale."

Nilikereka. Nikamweleza kwamba soko limerithi jina la wapagazi wale waliopiga kambi pale. Jina lenyewe la Kiingereza, maana yake kikosi cha wabebaji, wazee wakalitamka walivyoweza. Na kwamba mzee yule hakupigwa risasi. Alikufa njiani kwa njaa na kuhara damu, mzigo ukahamia kichwa kingine.

"Pole, Mama. Lakini mwalimu anataka silaha tu."

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na mwalimu huyu alitaka habari za pembe.

"Hiyo bombom ilifika handakini kwa miguu yake?"

Aliutazama mchoro wake, nikadhani nimeshinda. Kisha akachukua kalamu.

"Sawa, nitamwandika. Alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Nikampigia mama yangu simu Morogoro, kulikuwa kumeshakucha kule.

"Jina?" Mama akafikiri. "Sisi tulisikia tu, yule aliyekwenda kariakoo. Waliomjua walishakufa, mwanangu. Kwani huko kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Shikamoo."

Salamu yenyewe niliikumbuka wakati wa kuaga, kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo tele, na hapakuwa na wa kumtupia.

Niliporudi mezani binti yangu alikuwa ameshajaza nafasi ya bombom. Chini ya nguvu aliandika mistari mingi. Chini ya udhaifu aliandika mmoja tu: nzito mno, haiendi bila kubebwa.

Nikamwambia aache hivyo hivyo.