Siku Baba Suzana Alipotua Kwenye Uwanja wa Matofali

Mume wangu Xavery ni mpiga picha hapa Tabora mjini, na watu wengi wanaijua droni yake kuliko wanavyomjua yeye. Ni mwanamume mfupi, mpole, shati limechomekewa, anaongea taratibu hadi unatamani umsaidie kumalizia sentensi. Mwenye mdomo katika nyumba hii ni mimi, na sioni aibu kulisema. Miaka kumi na tisa tumeishi hivyo, yeye bado analipima neno, mimi nimeshalitoa.

Alianza na picha za pasipoti na komunio ya kwanza. Droni aliinunua miaka minne iliyopita, na mwezi wa kwanza tu aliipindua mara tano. Kuirusha ni rahisi, hata mimi naweza. Kazi iko kwenye kutua. Ikigusa chini huku bado inasogea kando, mguu mmoja unakwama, mapanga yake yanayozunguka yanapiga ardhi, inalala ubavu na kujikatakata yenyewe. Mara ya tano kipande cha panga kilimchana kidole cha shahada, damu ikamwagika mpaka kwenye viatu. Tangu siku hiyo hataki kabisa kuidaka kwa mkono, wala haruhusu mtu mwingine aidake.

Basi akajitungia utaratibu. Alikata ubao wa plaiwudi, mpana kama meza ya kulia, akaupaka rangi nyeupe, na mbebaji wa ubao nikawa mimi. Anatafuta mahali tambarare mbali na watu, anaulaza, anaukandamiza kwa viganja kuona kama unacheza. Droni inapaa kutoka hapo na inarudi hapo hapo. Wakati wa kushuka anaisimamisha kwanza usawa wa kifua, mkia wake ukimwelekea yeye, anaiacha itulie, anainua jicho la kamera lisipigwe na mchanga, ndipo anaishusha polepole bila kuipeleka kulia wala kushoto. Ikigusa, haondoi kidole kwenye rimoti mpaka mapanga yasimame kabisa. Anasema wengi wanaachia mapema na ndiyo maana zinawalalia.

Kwenye misiba ana sharti lake. Kabla ya kuanza kazi anawaambia wafiwa: "Msisimamishe ibada kwa ajili ya kamera. Nikikosa kitu, nimekosa." Wapo wapiga picha wanaomrudisha mjane atie udongo mara ya pili kwa sababu mtu alipita mbele yao. Xavery alimgombeza mwenzake mmoja kwa hilo, na Xavery si mtu wa kugombeza.

Julai mwaka jana mama yake, Bibi Nyamizi, alifariki kule Kwihara. Alizaa watoto watatu: shemeji yangu Octavian, mume wangu, na kitindamimba Eustadia, ambaye anafanya kazi Maskati. Eustadia hakupata ruhusa ya kuja. Alipiga simu analia, "Kaka, naomba nione. Nione watu walivyojaa, nione mama anavyotoka nyumbani mpaka anapolala." Xavery akamwambia atamrekodia yote.

Mimi nilikataa palepale. "Baba Suzana, wewe ni mfiwa. Tafuta mtu mwingine."

"Wote wako Nzega kwenye harusi," akasema. "Nitarusha wakati wa kusindikiza tu. Kabla ya udongo nitakuwa nimeshatua."

Tulipokuwa njiani kwenda Kwihara ndipo aliponieleza kilichokuwa kinamkaa rohoni. Mama alikata roho Jumamosi, na Jumamosi hiyo yeye alikuwa Kigwa akipiga picha za watu wengine wakicheza muziki. "Sikumfumba macho," akaniambia. "Angalau nimtie udongo kwa mkono wangu." Nikamshika goti.

Siku ya maziko upepo wa Julai ulikuwa unavuma na vumbi limetanda. Jeneza lilipita njia ya zamani ya misafara mpaka kwenye shamba la ukoo, ambako karanga zilikuwa zimeshang'olewa na matuta yamebaki wazi. Watu hawakuwa chini ya mia nne. Tulilaza ubao nyuma ya shamba, droni ikapaa, nami nikaenda kuketi na akina mama. Kosa langu ndilo hilo. Ubao ule sikupaswa kuuacha peke yake.

Vijana wa kaburi walikuwa wanataka kukoroga zege la kusimamishia msalaba. Huwezi kukoroga zege juu ya mchanga, linaharibika. Wakaona ubao umelala hauna mtu, wakamwaga saruji juu yake hapo hapo. Hawakuwa na ubaya wowote. Kwetu msibani kila kitu ni cha wote, jembe, sufuria, hata kiti ulichokikalia.

Mara rimoti ikaanza kulia kwamba betri inaisha. Xavery akageuka kuutazama ubao, akawaona vijana wanne wamesimama pale pale na makoleo, zege limejaa. Nilimwona alivyobadilika uso. Nikanyanyuka nikamfuata.

"Niache niidake mimi," nikamwambia.

"Hapana. Itakukata."

"Basi iache ianguke. Mashine tu hiyo."

"Imwangukie nani, Mama Suzana?"

Nikatazama. Kila upande ni watu, na pasipo na watu ni matuta ambayo yangeipindua. Hatua kama mia mbili kutoka pale kulikuwa na uwanja ambapo wanakijiji hukaushia matofali, udongo mgumu, umesawazishwa. Akaanza kuuendea, macho yako juu, anajikwaa kwenye matuta. Akaniambia bila kugeuka, "Rudi kaburini. Usimwache mama peke yake."

Nilirudi na hasira zangu zote. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa. Katekista Emilian akawaita watoto wa marehemu. Octavian akasogea, akachota udongo, akatia. Katekista akaita, "Xavery." Akaita tena, "Xavery, Bibi Nyamizi anakusubiri."

Nikapaza sauti mbele ya umati, "Subirini, anakuja." Katekista akasita, watu wakageuka kumtafuta. Kule uwanjani Xavery alikuwa amesimama, droni iko juu yake inayumbishwa na upepo. Alituona tunamtazama. Akaondoa mkono mmoja kwenye rimoti, akaunyoosha, akatupungia mara mbili kuelekea kaburini. Endeleeni.

Katekista akaendelea kuita. Wajukuu wakatia udongo, wakwe tukatia, na makoleo yakaanza kwa kasi. Kule nyuma niliona droni imesimama usawa wa kifua chake. Upepo ukaisukuma, akaipandisha, akangoja. Ikatulia, akaishusha, upepo ukaja tena, akaipandisha tena. Mwanamume huyo hakuharakisha hata kidogo, na mimi huku nasali aharakishe. Mwishowe ikagusa chini, ikasimama wima, na yeye akabaki ameinama mpaka mapanga yakakoma. Hapo ndipo alipotupa rimoti akakimbia. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshajaa na vijana wanalisawazisha. Alipiga magoti, akachota gao la udongo, akalishika muda mrefu, kisha akaliweka juu ya tuta pamoja na udongo mwingine.

Wiki ile alikaa kuiandaa filamu ya Eustadia. Nikamkuta amefika mwisho, anataka kukata. Kwa kuwa droni ilitua wima na yeye hakuizima, kamera ilikuwa imeendelea kurekodi pale chini, inatazama kaburini. Xavery anaonekana kwa mgongo, anakimbia kuvuka matuta, kiatu kimoja kinamtoka, hageuki kukiokota. Anazidi kuwa mdogo. Watu wanampisha, anatoweka katikati yao.

"Si picha nzuri," akasema.

"Ukikata hapo, mimi na wewe hatutaelewana," nikamjibu. Tulibishana asubuhi nzima, kisha nikaituma mwenyewe, nzima nzima.

Eustadia alipiga simu siku ya pili. Nikaweka spika. "Wifi," akasema, "nimewaona watu, wamejaa, asanteni. Lakini ninachokirudia ni pale mwisho. Nilidhani katika watoto wa mama ni mimi peke yangu ambaye sikumtia udongo. Mwambie kaka tuko wawili."

Xavery alikuwa ameketi kando yangu. Akaichukua simu, akaita, "Eustadia," machozi yakamtoka. Tangu msiba hakuwa ametoa chozi. Nikawaacha wanalia, yeye hapa na mdogo wake kule, nikatoka nje nikafunga mlango.