Mbuzi wa Hitima ya Somoe

Asubuhi ile mdogo wangu Somoe alikuwa anakunja vitenge mezani huku akimtania muuza mihogo wa jirani. Mimi nilikuwa nachemsha chai. Ulikuwa mji mdogo kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Sisi ni watu wa Ruponda, Nachingwea, na huo ulikuwa mwaka wetu wa pili huko kwa biashara ya nguo.

Niliishia darasa la saba, huenda napanga mambo vibaya. Lakini kabla ya Msumbiji niliishi Guangzhou, China, nikifunga mizigo ya nguo. Kule nilijifunza kuwa mgeni. Mama mwenye nyumba alinipeleka polisi kuandikishwa siku ileile niliyofika. Akaniandikia kikadi kwa Kichina: jina langu, mtaa, simu yake. Siku nilipoanguka sokoni kwa maumivu ya tumbo, sikuweza hata kusema. Mtu akasoma kikadi, gari la wagonjwa likaja, na yule mama akafika hospitali na pasipoti yangu mkononi. Nikapasuliwa, nikapona.

Somoe alipotaka kunifuata Msumbiji aliniuliza, "Dada, na mimi nitafute pasipoti?"

"Ya nini? Kule si China. Wanaongea Kimakua kama bibi yetu."

Nilisema mimi, si mtu mwingine. Yangu niliibeba kwa mazoea tu.

Basi asubuhi ile risasi zilianza chai haijachemka; wapiganaji wa msituni walikuwa wameuvamia mji. Tukakimbilia barabara ya kusini pamoja na umati, moshi nyuma yetu.

Kwenye kizuizi askari wa serikali walikuwa wanatenga watu, wenyeji huku, wageni kule. Wiki ile walikuwa wamezika wenzao, na ni kweli baadhi ya wapiganaji walitoka upande wetu wa Ruvuma. Hofu yao haikuwa ya bure.

Mmoja aliyejua Kiswahili akafungua pasipoti yangu. "Wewe pita. Huyu?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Karatasi zake?"

Somoe akamtazama usoni. "Kaka, juzi umeshikashika vitenge vyangu vyote, hukununua hata kimoja. Leo hunijui?"

Yule askari alitaka kucheka, nilimwona. Mkubwa wake akamwita.

Wakampandisha Somoe kwenye lori.

Nikakaa katikati ya barabara. Wakanivuta pembeni. Nikarudi. Wakanivuta tena.

Nikarudi.

Yule askari akaniletea maji. "Wanamhoji tu, dada." Labda mwenyewe aliamini.

Lori halikurudi. Siku ya tatu walinibeba mzimamzima wakanitupa kwenye gari la wakimbizi.

Miaka imepita. Nimeandika barua wilayani na ubalozini, na ndani yake sikuficha kwamba mimi ndiye niliyemwambia hahitaji pasipoti. Majibu ni kwamba wanafuatilia. Mama amechoka kungoja, simlaumu. Mjomba wetu wa Matambarale, ambaye kwetu ndiye mwenye neno, anataka tumsomee Somoe hitima, tumhesabu marehemu. Anasema kwa huruma, na huenda yuko sahihi.

Juzi alileta mbuzi wa hitima. Nikampakia kwenye bodaboda, nikamrudisha mwenyewe mpaka Matambarale.

Mjomba alikuwa barazani na wageni. "Mwanangu, unanivunjia heshima mbele ya watu?"

"Sikuvunjii, mjomba. Nionyeshe kaburi, mbuzi nitanunua mimi."

Nikamfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza lake, nikaondoka.