Maji Aliyonawa Edo Shukri

Harufu ya unsi ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Eastleigh huufukiza kila Ijumaa asubuhi, ule moshi mtamu wenye sukari iliyoungua ndani yake, na ukishapanda ngazi huingia kwangu bila hodi. Ijumaa iliyopita uliingia pamoja na sauti ya simu yake. Bwana mmoja wa kufundisha watu mafanikio alikuwa akimwambia awaze utajiri atakuwa tajiri, kwani unachokiwaza ndicho kitakachokuwa. Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe siku hizi watu wanakaa chini kusomeshwa hayo! Sisi Garissa tulizaliwa nayo, tukayanyonya pamoja na maziwa ya ngamia, na yalimla mtu wetu mzima mzima.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa shaka. Mtu akisifu gauni langu, namtazama mara mbili. Si kiburi, ni malezi. Katika bulla yetu, yaani mtaa wetu, sifa ilishikwa kwa kitambaa, kama sufuria iliyotoka motoni. Ukimwona mtoto mnene, sema mashallah kwanza. Ukimwona mbuzi ana mimba, mashallah. Ukisahau, mwenye mali anakukazia macho mpaka uikumbuke. Tuliamini kwamba jicho linaua, na lile wazo lililo nyuma ya jicho linaua zaidi.

Juu ya yote hayo tuliwaogopa washairi. Babu zetu hawakuwa na vitabu wala magazeti, walikuwa na mashairi. Shairi ndilo lililokuwa barua, ndilo lililokuwa kesi, ndilo lililopatanisha koo au kuzigombanisha. Mtu alitunga kisimani kule Wajir, na baada ya muda si mrefu wachungaji wa Rhamu walikuwa wanalighani kwa moyo, neno kwa neno. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ayeyo, alitusimulia juu ya mshairi wa ukoo wetu aliyeudhiwa na jirani, akatunga mistari michache ya kuita radi, na radi ikaja ikaua dume la ngamia la yule jirani.

"Je, kama mvua ilikuwa inakuja tu?" niliuliza.

Ayeyo alinipiga kofi la mgongoni, na jibu likawa ndilo hilo.

Sasa kipawa hicho cha ukoo kilimwangukia Edo Shukri. Edo ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba, na huyu alikuwa dada yake mdogo kabisa, msichana mwembamba mwenye mwanya, aliyekuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa shungi. Tulilala chumba kimoja. Asubuhi akivifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mgunga, alikuwa ananung'unika mistari yake, anaupima mmoja, anautupa, anauokota tena. Alitunga buranbur, mashairi ya wanawake yanayoimbwa harusini kwa ngoma na makofi. Hakuna harusi ya mtaa wetu iliyoanza kabla hajafika. Yeye mwenyewe alikuwa ameposwa na kijana wa Mandera, mtoto wa wafanyabiashara, na ndoa ilikuwa ingojee Ramadhani ipite. Alimpenda kijana huyo. Najua kwa sababu jina lake alilitia katika kila wimbo wa kufukizia vibuyu, akidhani mimi nimelala.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Deqa, mjane muuza maziwa. Alikuwa na ngamia kadhaa, lakini aliyelisha watoto wake ni mmoja, jike aitwaye Hodo, yaani bahati. Mama Deqa alipomwoza binti yake mkubwa, alimwomba edo shairi, na edo akaamua kuisifu nyumba hiyo kwa kumsifu Hodo. Wallahi lilikuwa shairi! Alimwita kisima kisichokauka kiangazi kikipita na kingine kikija. Wanawake waliruka, wakapiga vigelegele, wakamtupia shungi zao. Mama Deqa mwenyewe alilia kwa furaha.

Haukupita muda, kiwele cha Hodo kikavimba. Kikawa cha moto, kigumu, na akikamuliwa yanatoka matone ya rangi ya kutu. Mama Deqa alirudi kutoka soko la maziwa na mitungi mitupu, akaketi mlangoni kwake akitutazama. Hapo ndipo wanawake walipoanza kulichambua lile shairi, na sijaona tena uchambuzi mkali namna ile, hata nilipofika chuo. Mbona alitaja kukauka? Nani aliyemtuma kutaja kukauka mbele ya ngamia mwenye maziwa? Tena mashallah iko wapi? Walilighani tangu mwanzo hadi mwisho, wote walikuwa wamelihifadhi, na mashallah haikuwamo.

Edo alipoulizwa alishika kichwa. Mashairi yetu yana sheria yake: ukianza na sauti moja, kila mstari lazima uibebe sauti hiyo mpaka mwisho. Yeye alianza na jina la Hodo, kwa hiyo shairi zima lilikuwa la H.

"Mashallah ningeitia wapi?" alisema. "Ningeivunja kazi yote. Nilitaka kuisema nikimaliza, lakini nyinyi wenyewe mlinizima kwa vigelegele!"

Nani alimsikiliza? Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa bara, alitufundisha wakati ule methali ninayoichukia hadi leo, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliiona ikija kwa macho yangu. Mama zetu walianza kuwafunika watoto uso edo akipita. Mbuzi walifungiwa. Mashallah zilimwangukia kama mawe, hata akinunua vitunguu. Nami nikaanza kumchunguza. Akinyamaza, najiuliza anawaza nini. Akinitazama, najikagua kama nina homa. Niliamua hata kujijaribu mwenyewe, maana damu ni moja. Nilikaa nyuma ya nyumba nikamkazia macho jogoo wa jirani nikiwaza aanguke. Jogoo akawika. Nikawaza pilau siku nzima, jioni nikaandaliwa anjera na chai.

Dawa ya jicho kwetu inajulikana. Aliyeshukiwa ananawa, kama mtu anayechukua udhu, na maji aliyonawia anamwagiwa mgonjwa. Asubuhi moja Mama Deqa aliingia kwetu na beseni jipya la plastiki, lebo yake ya dukani bado iko, akaliweka chini katikati ya uwanja. Nyuma yake mlango ulijaa wanawake.

"Shukri, mwanangu, sikulaumu," alisema. "Nina watoto. Nipe maji tu."

Ayeyo alisimama kati yao akanyoosha mkono kumzuia edo. Sikumwelewa. Niliona ni roho mbaya: maji ni ya bure, Mama Deqa anaomba kwa adabu, kwa nini asipewe? Ayeyo alimwambia edo polepole kwamba asiguse beseni hilo, kwamba akikataa watasema siku chache watachoka. Edo alimtazama Mama Deqa, akawatazama wale watoto wadogo waliomshika mama yao nguo. Akakunja mikono ya gauni. Alinawa uso, mikono hadi viwiko, magoti, miguu, bila haraka, mbele ya macho yote yale, kisha akalisukuma beseni kwa kidole cha mguu. Ayeyo aliingia ndani akafunga mlango.

Nilimfuata Mama Deqa hadi boma la ngamia nione kila kitu. Maji yakamwagwa juu ya nundu ya Hodo, yakatiririka hadi kiweleni. Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo hili watu wa bulla waliliacha nje ya hadithi yao. Siku iliyotangulia, daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki akamdunga Hodo sindano, ndefu kama kalamu. Nilimwona. Mama Deqa alimwona. Alimlipa! Lakini Hodo alipoanza kupona, uvimbe ukashuka na maziwa yakarudi meupe, sindano haikutajwa na mtu hata mmoja.

Nilikuwa wa kwanza kupeleka habari nyumbani. Nilikimbia bila ndara, napiga kelele njia nzima kwamba Hodo ametoa maziwa, edo ameponyesha, edo ameponyesha! Nilitegemea ataninyanyua juu. Edo alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele. Mikono yake ikasimama. Ayeyo alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeletewa tanzia, akajifunika uso kwa shungi. Nilidhani watu wazima hawa hawajui kufurahi.

Ilinichukua miaka kuelewa. Ngamia angekufa licha ya maji yale, watu wangesema masikini Shukri, kumbe hakuwa na kosa, lilikuwa gonjwa tu. Alipopona, kesi ikaisha. Maji yamefanya kazi, basi jicho ni lake. Edo aliyajua hayo kabla hajanawa, na alinawa kwa sababu watoto wa Mama Deqa walikuwa na njaa. Wazee wa Mandera walikuja baada ya Ramadhani, wakanywa chai yetu, hawakusifu chochote ndani ya nyumba, wakaenda zao. Posa ikavunjika kwa adabu kubwa.

Sasa anaishi Masalani, anauza nguo za watoto, na hajatunga tena. Watu wakiniuliza kama wazo linaweza kuumba kitu, sibishani tena. Linaweza. Wazo la bulla nzima lilimuumba edo yangu upya, na nilidhani kwamba angalau yeye mwenyewe anajua ukweli. Ndilo nililokuwa najifariji nalo.

Kisha nikazaa binti yangu wa kwanza, nikampeleka Masalani. Edo alinikumbatia akalia, akanyoosha mikono apewe mtoto. Nikampa. Alimpakata vizuri sana, akampapasa pua, masikio, vidole vya miguu, kimoja kimoja, na ndipo nikaona kwamba macho ameyafumba, ameyakaza kabisa.

"Edo, mwangalie," nilisema. "Mwangalie mwanangu, hakuna ubaya wowote utakaompata!"

Alitikisa kichwa, macho yakiwa bado yamefungwa.

"Niambie wewe," alisema. "Anafanana na nani?"