Kumwinua Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa mchinjaji. Bucha yake ilikuwa sokoni Bungoma, na alikuwa akibeba paja zima la ng'ombe begani huku akiendelea kupiga hadithi.

Mume wangu alipomleta kwetu Matisi, hapa Kitale, sikumtambua upesi. Tumbo lilikuwa limejaa, hata jirani mmoja akanipongeza kwamba mzee amenona. Lakini mikono ilikuwa imekwisha na mashavu yamezama. Ini lake lilikuwa limeharibiwa na virusi alivyoishi navyo miaka mingi bila kujua. Kwao walinong'ona kwamba ni chang'aa, ingawa hakuwahi kunywa. Wengine walimwambia nyama inamaliza ini, basi mwenye bucha akawa anaishi kwa uji mweupe na chai.

Kliniki, muuguzi alimwomba ainuke kitini bila kujishika popote. Alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi. Muuguzi akatueleza kwamba ini likishindwa kuweka akiba ya chakula, mwili huanza kula misuli yake. Tumbo lile lilikuwa maji tu. Ale mayai, maharagwe, samaki, hata nyama. Chumvi iwe kidogo, asilale na njaa, na kila siku afanye zoezi la kuinuka.

Kwa Wabukusu, mkwe na mkamwana hawagusani, wala mzazi halali nyumbani kwa mwanawe. Kwa hiyo tulimkodishia chumba kwenye ploti hiyohiyo tuliyopanga, mlango ukitazamana na wetu. Mume wangu alimsaidia asubuhi kabla ya kazi, na jioni akirudi. Mchana nilibaki mimi. Niliweka chakula mezani nikitazama pembeni, nikatoka. Halafu nikawa nasikiliza. Nilifua nikisikiliza, nikachambua mboga nikisikiliza. Kiti kikikwaruza sakafu, nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Siku moja kilikwaruza, kisha kimya. Nilimkuta amekwama kwenye ukingo wa kiti, hawezi kuinuka wala kurudi nyuma. Alitaka kwenda chooni. Nilikimbia kutafuta mwanamume yeyote, lakini ploti nzima ilikuwa kazini. Niliporudi alikuwa anateleza kuelekea sakafuni.

"Usinishike, mama," akasema. "Mwite kijana wangu."

"Yuko kazini, baba. Nikikuacha utaanguka."

"Basi nianguke."

Mimi ni wa watu waliohamia Trans-Nzoia kutoka Kati mwa Kenya. Mwiko huo nilijifunza ukubwani. Nilipitisha mikono kwapani mwake nikamwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa yule mchinjaji, nikavuta kwa nguvu mno, karibu tuanguke wote wawili. Mikononi mwangu hapakuwa na nyama, ni mifupa. Nilimfikisha chooni, nikageuka nikatazama ukuta.

Jioni alimwambia mwanawe kwamba anataka kurudi kwake kesho yake. Sababu hakusema. Nilisema mimi. Mume wangu aliuliza tu kama mzee aliumia, kisha akamwambia baba yake kwamba ataondoka akiweza kusimama mwenyewe.

Asubuhi kiti kilikwaruza tena, na tena, na tena. Nilichungulia. Alikuwa amekunja mikono kifuani, anainuka nusu, anaanguka kitini, anajaribu upya. Zoezi hilo alikuwa amelikataa tangu kliniki. Mume wangu alipomuuliza, alijibu kwamba hataki mtoto wa watu ambebe tena. Akaanza kula pia: mayai, dagaa wa omena, maharagwe, na uji wa njugu kabla ya kulala.

Ilichukua muda mrefu. Mwishowe aliweza kusimama kwa kushika ukuta kwa mkono mmoja, akawa anatembea hadi barabarani na kurudi. Hakungoja tumruhusu. Jumamosi moja alifunga mkoba wake. Langoni aliongea nami huku macho yakiwa barabarani.

"Ile siku ulifanya vizuri," akasema.

Sasa yuko Bungoma, anakaa buchani huku mtu mwingine akikata nyama. Ini halijapona, bado huja kutolewa maji tumboni, na kila akija natazama mikono yake kabla sijamsalimu. Mchana nampigia simu. Asiposhika, siwezi kuendelea na chochote. Jana hakushika. Nilimpigia mama anayeuza mboga karibu naye, akasema mzee amesinzia kitini. Nikauliza kama amekula. Akaenda kuangalia, nami nikazunguka uani simu ikiwa sikioni. Akarudi akasema sahani iko tupu, ila hajui kama ni mzee aliyeimaliza.