Daftari la Chupa Zilizobaki

Shule ninayofundisha iko kwenye miteremko ya Hanang, upande wa Endasak, na ina ghala la zamani la mahindi. Sakafu yake ni ya saruji, ndefu, imesuguliwa na magunia kwa miaka mpaka ikawa laini. Mahindi yalipohamishiwa ghala jipya, mwalimu wa michezo alisema kuiacha sakafu ya namna ile ikae bure ni dhambi. Alikuwa ameona kwenye simu watu wakiviringisha tufe na kuangusha vipande kumi vya mti vilivyopangwa pembetatu. Akaenda kwa fundi seremala, fundi akachonga vipande kumi vya mgrevea vyenye shingo na tumbo, ndiyo maana tunaviita chupa. Akachonga na tufe moja la mzeituni mwitu, zito, halina hata tundu la kidole. Unalibeba kwa viganja viwili, unaliachia kwa mkono mmoja, na yaliyobaki unamwachia Mungu.

Sheria zake ni chache. Kila zamu una mitupo miwili. Ukiangusha chupa zote kwa mtupo wa kwanza, umepona. Zikibaki, mtupo wa pili ni wa kumalizia. Kila upande wa sakafu kuna mfereji mdogo wa maji, na tufe likiingia humo limekufa.

Mimi nilikuwa hodari wa mtupo wa kwanza na hovyo kabisa wa pili.

Haya yasingenisumbua kama shule moja ya Mbulu isingeiga mchezo wetu na kutualika. Timu ilikuwa ya watu wanne, mfanyakazi yeyote wa shule, mwanamume au mwanamke. Watatu walijulikana bila ubishi. Nafasi ya nne ilikuwa wazi na niliitaka. Niseme ukweli, niliitaka vibaya sana. Kwetu ni Bashay, na utotoni kaka zangu walipokuwa wakicheza, mimi nilikuwa wa kushika ndama. Walikuwa wamekwisha kuniambia kwa simu kwamba watakuja Mbulu kuniona, na mmoja alikuwa ameanza kunicheka mapema.

Mkuu wetu wa shule ni mama asiyependa maneno mengi. Alisema, "Wa nne atatoka kwenye kumbukumbu. Mwalimu wa hesabu, wewe ndiye utakayeandika. Andika kila anayetupa."

Nikaandika. Kila siku vipindi vikiisha nilikwenda ghalani na daftari na penseli. Nilikuwa naandika chupa ngapi zimebaki, na kama zimemalizwa. Baada ya wiki mbili nilikaa na kikombe cha chai nijumlishe mitupo yangu, nikakuta jambo lililoniudhi na kunifurahisha kwa pamoja. Zilipobaki chupa tatu, nilimaliza mara nyingi zaidi kuliko ilipobaki moja. Nikajumlisha upya, jibu likawa lile lile. Nimefundisha hesabu miaka kumi na miwili na sijawahi kuona moja ikiwa kubwa kuliko tatu.

Kwa hiyo nikaanza kuchunguza. Labda ni woga, nikasema, maana chupa moja inakutazama. Nikajaribu kutupa bila kuiangalia. Nikajaribu kuvuta pumzi kwanza. Nikajaribu kutupa huku naimba wimbo wa kwaya, kuondoa mawazo, na matokeo ya wimbo yalikuwa mabaya kuliko yote. Wenzangu wawili waliokuwa wakigombea nafasi ile wakachoka, wakarudi kwenye mashamba yao ya maharage. Mimi sikuchoka. Jambo likishaniingia kichwani silali vizuri mpaka nilijue mzizi wake, na tabia hiyo imenikosanisha na watu wengi.

Mlinzi wetu huingia zamu saa kumi jioni. Ni Mbarabaig wa tambarare za chini, amechunga ng'ombe tangu anajua kutembea, na ananizidi miaka kama kumi na mitano. Wazee wa kwao na wa kwetu waligombania malisho zamani, kwa hiyo sisi wawili tuna utani: kila mmoja anadai babu wa mwenzake alichukua mtamba wa babu yake. Siku hiyo alisimama mlangoni akanikuta nimeketi juu ya gunia, daftari mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mbona umenuna?"

"Moja inanishinda."

"Moja ipi?"

"Moja tu. Ikibaki moja, siipati."

Akacheka kwa sauti, meno yote nje. "Mwalimu, ng'ombe wakirudi jioni, ukiona mmoja hayupo, wewe utasema amepotea mmoja? Sasa utamtafuta wapi huyo mmoja? Unasema hayupo yule mwekundu, mwenye pembe imelala, yule wa kupenda mtoni. Basi, unakwenda mtoni."

"Chupa hazina rangi, mzee."

"Zina mahali pa kusimama."

Nilimjibu vibaya, maana sipendi kufundishwa kazi yangu na mtu anayecheka. Lakini alipoondoka kuzunguka uzio nilifungua ukurasa mpya nikachora vitone kumi vya pembetatu, kisha vingine kumi, na vingine, mpaka ukurasa ukajaa. Toka siku hiyo sikuandika ngapi. Nilizungushia kitone cha chupa iliyobaki.

Haikuchukua hata wiki. Chupa moja iliyokuwa ikinishinda ilikuwa karibu kila mara ile ya kona ya nyuma, mkono wa kulia. Tatu zilizobaki katikati zinaangushana zenyewe, hata mtupo wa kipofu unaziokota. Ile ya kona haina jirani wa kuisukuma, na hatua moja pembeni yake ni mfereji. Nilifurahi kama niliyeokota kitu barabarani, nikamsubiri mlinzi nimwonyeshe. Akaangalia vile viduara vyote vilivyorundikana upande mmoja, akasema, "Huyu anapenda mtoni."

Alichouliza baadaye kilinishangaza. Aliuliza ninasimama wapi. Nikamwonyesha: kulia, mkabala na chupa yenyewe, nitupe moja kwa moja. Akatikisa kichwa. Ng'ombe akikimbilia kulia, alisema, ukimfuata nyuma mnakwenda wote. Unatoka kushoto unamkatia njia.

Sikumwamini mpaka nilipopima. Nilimwaga kikombe cha maji katikati ya sakafu, tukainama wote wawili kuangalia. Maji yalitulia kidogo, yakajikusanya, kisha yakaanza kwenda polepole kuelekea mfereji wa kulia. Jengo lile limelala! Miezi yote nilikuwa nasimama kulia, natupa pembeni kabisa, mteremko unalivuta tufe mferejini, halafu nalaumu mkono wangu. Nyani haoni kundule. Nikachukua mkaa jikoni nikapiga alama kwenye mstari wa kutupia, hatua kwa hatua kutoka kushoto. Kila jioni tulikuwa tunajaribu alama moja. Chupa ya kona ya kulia, simama alama ya kwanza kushoto, tupa kwa mshazari. Ya kona ya kushoto, sogea kulia, lakini si sana, maana sakafu inalirudisha tufe. Mkono usibadilishe kitu, miguu ndiyo ihame. Nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata tangu nikiwa mwanafunzi, raha ya kuuliza swali na kulala nalo na kuamka nalo.

Mlinzi naye akataka kutupa. Mara ya kwanza alilirusha tufe hewani kama rungu, likavunja chupa ya mbele shingo, fundi akaja kuigundisha. Mara ya pili aliliviringisha. Nilimwandika, kwanza kwa sababu mkuu alisema andika kila anayetupa, na zaidi kwa udadisi: nilitaka kujua kama macho ya kuchunga yanasaidia.

Yalisaidia. Mtupo wake wa kwanza ulikuwa wa kawaida tu. Lakini zikibaki, alikuwa anazitazama kidogo, anahama miguu, anaachia, na zinalala. Hakugusa daftari wala hakuuliza hesabu zake. Jioni moja tu, akifunga mkanda wa koti, aliniuliza, "Umeniandika?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mimi sijawahi kuandikwa kwa kitu kizuri," akaenda langoni.

Wiki ya mwisho nilijumlisha. Mimi nilikuwa nimepanda sana, kiasi cha kujivunia mbele ya yeyote. Yeye alikuwa amenizidi, na si kwa kubahatisha. Wivu uliniuma, sina jina lingine la kuupa.

Mkuu alitaka daftari Alhamisi. Jumatano nilinunua daftari jipya. Nilijiambia la zamani lina mkaa na madoa ya chai, haliwezi kuwekwa mezani kwa mkuu. Nikanakili upya kwa kalamu ya wino, kwa rula, vitone vyote vimenyooka. Nilinakili mitupo yangu, na ya wale wawili waliokata tamaa. Nilipofika kurasa za mlinzi nilijiambia kwamba Jumamosi ya mchezo atakuwa kazini, nani atalinda shule? Kisha nikajiambia hata viatu vya kwenda mjini hana. Nilijiambia mengi, na mkono ulikuwa unaendelea kunakili ya watu wengine. Mkuu alifungua, akaangalia mstari wa mwisho, akasema, "Hesabu zako huwa sizikagui," akaagiza matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Tulipanda mlima wa Dareda asubuhi na mapema, tukapita Dongobesh, tukafika Mbulu kabla ya saa nne. Kaka zangu walikuwa wamekwisha kufika, wamevaa makoti ya kanisani. Mchezo ulikwenda sawa kwa sawa mpaka zamu ya mwisho, ambayo ilikuwa yangu. Niliangusha tisa. Iliyobaki ilikuwa ya kona ya kulia.

Nikahamia kushoto. Sakafu yao sikuijua, lakini asubuhi nilikuwa nimeomba maji ya kunywa nikamwaga kidogo chini, yakaelekea kulia kama ya kwetu, na wao wakadhani yameniponyoka. Nikaachia kwa mshazari. Tufe lilikwenda polepole mno, nikadhani limekufa, likaigusa chupa ubavuni, ikaanguka. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akinicheka kwa simu, alinishika mkono akawa anawaambia watu asiowajua kwamba huyu ni mdogo wake. Nilifurahi. Sitajifanya kwamba sikufurahi.

Furaha ilinifikisha Dareda. Tulipoanza kuteremka, wenzangu wakiimba, mtu mmoja kwenye gari aliuliza nani alinifundisha kutupa vile, nikasema nimejifunza mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi ile ya kwenda nyumbani niliiona ndefu.

Jumatatu saa kumi nilikwenda langoni. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kila kitu, na nilipofika nikaanza na salamu, kisha mvua, kisha mahindi. Yeye ndiye aliyefika kwenye jambo.

"Nimesikia mmeshinda. Hongera mwalimu."

"Asante mzee. Kuhusu yale matokeo ubaoni..."

"Nilimwomba karani anisomee," alisema. "Akasoma majina. Nikamwambia soma tena, akasoma tena." Alikuwa anaongea bila hasira, akitazama barabara. "Nikafikiri, mwalimu anajua hesabu, ameona sitoshi. Ameona aibu kuniambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikujiandaa. Nilidhani nimemnyima safari ya siku moja, kumbe mtu alikaa siku nne langoni akiamini hajui kitu anachokijua kuliko sisi wote, kwa sababu ameamini mwandiko wangu.

"Unatosha," nikamwambia. "Ulinizidi. Nilikuacha kwa makusudi kwa sababu niliitaka nafasi."

Aliketi kwenye benchi la mlinzi. Akasema, "Lete lile la zamani. Unisomee."

Nililifuata nyumbani mbio, nikiwa na nguo zangu za kazini. Nikaketi kwenye benchi pembeni yake nikamsomea mtupo kwa mtupo, tangu ule uliovunja shingo ya chupa: hapa ilibaki ya kona ya kulia, umemaliza, hapa zilibaki mbili za kushoto, umemaliza, hapa hukumaliza. Alikuwa anafuata kwa kidole kwenye vitone ingawa maneno hayasomi, na kila siku niliyoitaja aliikumbuka. Tulipofika ukurasa wa mwisho alinizuia.

"Hapo umeandikaje?"

"Ilibaki ya kona ya kushoto. Umemaliza."

"Hapana. Ile iliyumba, ikasimama. Wewe ulikuwa umeinama unachonga penseli, uligeuka nikiwa nimekwisha kuiondoa."

"Mzee, ni moja tu. Haibadilishi kitu."

"Futa," alisema. "Andika ilivyokuwa."

Nikafuta mbele yake. Nikapuliza vumbi la kifutio kwenye karatasi, nikazungushia kitone cha chupa iliyobaki, kisha nikasimama na daftari lile chafu nikaelekea ofisini kwa mkuu kabla hajafunga mlango.