Weusi, Weupe na Mlango wa Ghala

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mtaa wetu wa Kapata ambayo sijaisahau. Nilikuwa bado mke mgeni, na mume wangu, Kabwe, alikuwa ameingiwa na penzi la vitabu.

Kabwe alikuwa akipima mawe katika maabara ya mgodi. Kazi ya mgodi iliposimama, alibaki na vitabu vya Kifaransa vilivyoeleza jinsi watu wa zamani walivyojaribu kugeuza shaba kuwa dhahabu. Akaipanga elimu hiyo kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni kwangu: kwanza weusi, kitu kichomwe kioze, kisha weupe, kioshwe, kisha umanjano, kianze kung'aa, mwisho wekundu, kikomae. Chini ya kila rangi aliandika kazi zake: kuchoma, kuyeyusha, kuchuja, kukeneka mvuke uwe maji, kugandisha. Umanjano ulimsumbua sana. Vitabu vingine viliuruka, naye aliufuta na kuuandika tena, chakula kikipoa. Sikumcheka. Alikuwa mtu mpole, na akieleza unasikiliza.

Asubuhi hiyo ya Jumapili, majirani wakienda misa, alibeba mbabula, jiko letu la makaa, hadi ghalani, pamoja na chungu chenye zebaki, yale madini yanayotiririka kama maji. Akaziba dirisha kwa matambara.

"Leo ninaanza weusi," aliniambia. "Mulango usifunguliwe mupaka niite. Hewa ikiingia, kazi yote inakufa."

"Na wewe, tata," nikamuuliza, nikimwita baba kwa heshima, "utapumua nini?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akanijibu huku akicheka, akaingia, akafunga komeo kwa ndani.

Nilikaa uani nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Kila mara nilisimamisha mchi nisikilize. Alikohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu. Nikamwita.

"Acha!" akasema, lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

Kisha kikohozi kikakoma. Mwanangu, kuna kimya kinachotisha kuliko kelele. Nilijua mke anayevunja amri ya mumewe anaweza kurudishwa kwa wazazi wake, kama mimi kwetu Dilala, na fungu lake la nguo. Nikaita jina lake mara ya mwisho. Hakuitika. Nikashika ule mchi kwa mikono miwili nikaupiga mlango mpaka komeo likang'oka.

Alikuwa amelala chini, shavu mavumbini, midomo imebadilika rangi. Nilimburuta kwa makwapa hadi kwenye jua. Alitapika, akafumbua macho, na neno lake la kwanza likawa: "Umeua kazi yangu."

Baba mkwe alipotoka misa alitukuta hivyo. Nilipiga magoti nikingoja kufukuzwa. Alitazama mlango, akamtazama mwanawe.

"Kabwe," alisema polepole, "kazi ya kweli inaomba jasho. Ile inayoomba bantu ba nyumba banyamaze wakati unakufa, hiyo haiko kazi. Shukuru bibi yako."

Hakushukuru siku hiyo. Alininunia kwa muda mrefu, na mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema aliangushwa na hewa ya makaa, na kutetemeka ni mvuke wa zebaki, aliokuwa akiuvuta tangu kabla ya Jumapili ile. Lakini alipona kiasi, akafundisha kemia, na zile hatua nne akawa anawasimulia wanafunzi kama historia. Siku niliyojifungua mtoto wetu wa kwanza, alimpakata, akanitazama, akasema tu, "Aksanti, mama." Nilijua ananishukuru kwa ule mlango.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi ninyi vijana mnaingia mashimoni kutafuta madini, na wapo wanaowaambia, "Usimwambie mtu uko wapi." Mtu anayekutaka uwe peke yako mahali pa hatari, muogope. Nawe ukisikia kimya cha mwenzako, usingoje ruhusa. Vunja mlango, hata kama atakuchukia. Heri chuki ya aliye hai.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mtu wa kuliita jina lako, na akujalie uhai wa kumwitikia.